Hoja Namba Kumi na Saba

Wakaguzi waliondoka Alhamisi na makoti yao safi,
wakatuachia hoja arobaini na moja.
Meneja akanisukumia daftari:
"Mama Aikande, wewe una mwandiko mzuri."
Ndivyo nilivyopata cheo.

Nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu:
dosari, mhusika, mwisho lini, hali.
Safu ya hali nikaiacha pana,
nawajua watu wa kiwanda hiki
na maneno yao marefu.

Nyingine zilikwisha kabla wino haujakauka.
Taa ya ngazini, Msangi aliifunga huku anatafuna muhogo.
Kinga ya mkanda wa kinu ilichongwa Pasua,
ikaja kwa bajaji, rangi ya njano bado mbichi,
ikatuchafua wote.
Sanduku la huduma ya kwanza,
tulilokuta ndani yake sindano ya magunia
na chumvi ya mtu,
likapata bandeji.

Ila ya kumi na saba.
Mlango wa dharura, ukumbi wa kuchambulia: una kufuli.
Mhusika: Eliakunda. Mwisho: kumi Oktoba.
Oktoba: inashughulikiwa.
Novemba, mvua inapiga bati hatusikilizani:
inashughulikiwa.
Desemba Moshi nzima ikapanda migombani kula sikukuu,
kufuli ndilo lililobaki zamu.
Nikaanza kuandika "insh." kuokoa wino.

Nikamfuata. Akatikisa ufunguo shingoni,
umening'inia kwenye kamba ya kiatu.
"Mama, bei ya kilo moja unaijua?
Nikifungua hapa, magunia yatatembea yenyewe
mpaka Kiboriloni."

Sikucheka. Ndani, wanawake sitini
wameinamia buni, na vumbi la maganda
limekaa juu ya kila boriti,
jepesi, kavu, linalongoja cheche.
Nikatembea kutoka meza ya Siael,
mimba yake miezi saba.
Mpaka mlango wa mbele: hatua sabini na mbili.
Mpaka wa nyuma: sita.
Namba hizo mbili nikaziandika kwenye safu ya hali,
bila neno jingine,
nikampelekea meneja akiwa hajamaliza chai.

Jumatatu likaja komeo la kusukuma:
ndani lafunguka kwa kiwiko,
nje halina hata tundu.
Eliakunda alilikaza mwenyewe, skrubu kwa skrubu,
haongei,
ufunguo ukigonga vifungo vya shati lake,
umekosa nyumba.

Wakaguzi husema hoja iliyokwisha imefungwa.
Mimi sikufunga kitu siku ile kwa maneno.
Nilimwita Siael: sukuma.
Akasukuma kwa nyonga, mikono imejaa buni,
na jua la saa nne likaingia mpaka meza ya tano.

Nikaandika: 17. Mlango umefunguliwa. Hoja imefungwa.

Nikainua macho. Katika mwanga ule mpya
vumbi lilikuwa linashuka taratibu
juu ya vilemba, juu ya chai, juu ya daftari.
Nikalipuliza, nikachukua rula.
Arobaini na mbili.