Mlango wa Somoe

Chikongola, nyuma ya mashine ya kusaga,
daraja la mtaroni lilikuwa mlango.
Bawaba moja ipo bado, imeshika kutu.
Namba ya sensa imefutwa na kandambili.

Usiku ule maji yalibeba ndoo, kinu,
bata wawili wa mzee Likapa;
na Esha uchungu umemshika,
Ligula ng'ambo, yeye huku.
Somoe hakusema neno.
Aling'oa mlango wake, akaulaza.

Esha alivuka mgongoni mwa shemejiye.
Kulipokucha wakavuka wanafunzi,
muuza ming'oko na beseni lake,
halafu toroli la maji,
ambalo hakuna aliyeliruhusu.

Manispaa wamekuja mara tatu na utepe.
Wakapima, wakaandika, wakapigilia vigingi.
Vigingi tumevipikia.

Kwa Somoe sasa inaning'inia kanga,
ile ya msiba wa mamake,
na upepo wa baharini huingia utakavyo.
Nilimwuliza, hauna uchungu mlango wako?
Akasema mchele una mawe mwaka huu.

Mtoto wa Esha ana miaka mitatu.
Akifika kwenye bawaba husimama,
huchungulia maji meusi, chupa, povu,
hupaza sauti: Hodi!

Na Somoe, uso ungali kwenye ungo:
Pita.