Toa Ulimi

Sikukuu mosi, watu wametoka kuswali,
nyanya akafungua pindo la leso kwa meno
akatuhesabia: shilingi moja, thumuni, ndururu mbili
zenye harufu ya karafuu na ya kifua chake.
"Mugawane. Na wewe Barke, usimle mwenzio."

Kanzu yangu ilishonwa kwa ajili ya miaka miwili ijayo.
Niliishika mbele kama mtu avukaye maji,
tukateremka kutoka Pangahari, ndia nyembamba,
kiatu kipya chanikata kisigino,
na mafuta ya viazi yakatulaki kabla ya watu.

Mkunguni haikuwa ile ya jana.
Palikuwa na bembea ya Famau, masanduku manne
yaliyowahi kubeba chai, yakizungushwa kwa mikono
na kamba, na matusi madogo madogo.
Mishikaki ilichomwa kwa njiti za baiskeli,
na sote tulijua baiskeli ya nani
ilipotea mwezi wa Shaabani.
Bi Zena na karai lake,
ukwaju ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi:
ukimwambia ongeza, aongeza pilipili.

Bajia nilifungiwa kwa karatasi ya daftari.
Nilipofika ya mwisho nikauona mwandiko ninaoujua:
saba mara nane, hamsini na nne,
na mkasi mwekundu wa mwalimu ukimetameta kwa mafuta.
Mama alikuwa ameuza madaftari kwa ratili.
Nililamba kosa langu, nikalikunja, nikalitia mfukoni.
Doa lile halikutoka
hata kanzu ilipokuja kunienea.

Barke aliuza zamu yake ya bembea
kwa kipande cha halwa kisichozidi kidole gumba.
Akasimama chini akitafuna polepole, kwa makusudi,
nami huko juu, punda wote wa mji chini ya miguu yangu,
paa za makuti, kuta za ngome, vichwa vya watu wazima,
sikutaka kitu ila kushuka.

Ubuyu ulikuwa haramu ya mama.
"Rangi ile ni ya kutilia ukili wa mikeka, si ya matumbo."
Ndururu ya mwisho iliishia huko huko.
Tulinyonya mbegu hadi zikawa nyeupe kama meno ya mtoto,
tukajisugua kwa pindo, kwa mchanga,
kwa maji ya kutawadhia, Mungu atusamehe,
na mlangoni, kabla hata ya salamu:
"Toani ndimi."
Kila mwaka zilitusaliti
kabla hatujazitumia.

Juzi, Nakuru, kwenye duka lenye taa nyingi,
nikaona ubuyu ndani ya pakiti yenye tarehe ya kuharibika.
Nikaula chooni, kazini, mlango nimeufunga,
mtu wa miaka hamsini na mmoja
na tai shingoni.
Kisha nikaingia mkutanoni nikasema maneno mengi.
Hakuna aliyenitazama mdomo.
Walitazama makaratasi, na makaratasi yale
hayakuwa na doa hata moja.

Usiku nikampigia mama.
Akanipa habari za sukari, za magoti,
za paka aliyezalia kabatini juu ya shuka za wageni,
za Barke aliyeko Sharja, atumaye pesa asitume picha;
na hata angetuma, mama siku hizi aona mwangaza tu,
watu awajua kwa kikohozi.

Nikamwambia nilichokula.

Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika,
nikaitazama simu, dakika zaenda.

"Toa ulimi," akasema.

Nikautoa. Gizani, ukingoni mwa kitanda,
nimeilekezea simu uso.

"Zaidi," akasema.