Kusawazisha

Nilikuwa nazo elfu kumi na nne na sitini na mbili.
Si za kukodi. Zangu. Nilizinyonya moja moja
kutoka kwenye sidii za maktaba ya Oulu,
nikazipa mwaka, msanii, picha ya jalada,
na zisizo na jina nikazibatiza mwenyewe:
Mvua ya Jumanne. Huyu Ngoma Haijui.

Kompyuta kubwa, ya mezani, ya vita.
Laptopu, ya kitandani na ya homa.
Simu, ya basi la kwenda kiwanda cha karatasi.
Na kile kimashine cha gemu cha mkononi,
kioo kimepasuka, kabatini chini ya soksi za sufu
tangu kiangazi cha mwaka juzi. Hicho sikukihesabu.

Zote zilikunywa kisima kimoja.
Nikiusimamisha wimbo jikoni dakika ya pili,
mezani naukuta dakika ile ile, mdomo wazi, unanisubiri.
Nikadhani huku ndiko kuwa na kwako.

Ijumaa ya Novemba, jua limefunga duka saa tisa alasiri,
tulikuwa watatu mlangoni kwa joka.
Rasmus yuko Rovaniemi, anatafuna kitu ndani ya maikrofoni.
Inkeri ndiye ngao; nje ya gemu anang'oa watu meno.
Mimi ni mganga. Nasimama nyuma, nahesabu pumzi za wenzangu,
na kuhesabu kwangu ni kwa masikio:
filimbi ikiingia, Inkeri apewe dawa;
besi ikishuka, joka linavuta pumzi, kimbieni.

Simu ikalia: nafasi imejaa.
Nikaipapasa kwa kidole gumba, jicho kwa joka.
Futa. Futa zote. Ndiyo, nina hakika.
Kikombe tu namwaga, nilidhani.

Kusawazisha. Neno la fundi sakafu.
Anapita na ubao wake juu ya saruji mbichi,
penye tuta anakata, penye shimo anajaza,
wala haulizi lipi tuta, lipi kaburi.
Simu ni tupu? Basi na laptopu iwe tupu,
na ile kubwa iwe tupu, haki sawa kwa wote.
Besi haikushuka. Inkeri akafa. Rasmus akafa.
"Pihla, uko wapi?"
Nipo. Nimebaki na joka, na kimya.

Wanasema mali bila daftari huisha bila habari.
Mimi daftari nilikuwa nazo tatu.
Kalamu ndiyo ilikuwa moja.

Sidii zipo maktaba, nitazinyonya tena, baridi hata tatu.
Lakini faili moja haina sidii:
baba anajifunza kodiani garejini, Kajaani,
anakosea, anatukana, anamwomba mbwa radhi.
Nilimpigia simu. "Hilo tu? Nitakupigia tena."
Akapiga.
Siku hizi anajua. Hakukosea hata pamoja.
Nikamshukuru, nikakata, nikalia.

Saa kumi alfajiri nikakumbuka soksi.

Kabla sijakichomeka kwenye chaji
nilizima mtandao, nikang'oa na waya ukutani,
maana kile kimashine kingepata habari
kingetii.
Dakika arobaini, ndipo kikafumbua jicho lake la ufa.
Elfu tisa mia nne na kumi na moja.
Hakikusikia kitu. Kilikuwa kimelala
na ujinga wake wote, mtoro, salama.

Sasa kinakaa humo humo kabatini, kwa makusudi.
Kila mwisho wa mwezi nakitoa, nakinakilia kwa waya,
nakirudisha kwenye giza, hakuna kuaga.

Jumapili tunarudi kwa joka. Inkeri anauliza
safari hii nitahesabu kwa wimbo gani.
Kodiani, nimemwambia. Ile ya zamani.
Baba akikosea, jikinge.
Akitukana, kimbia.
Akianza kuzungumza na mbwa, tuna sekunde nane.