Mbwa Mwitu Asiye na Jina

Jumanne, baada ya isha, Pumwani,
katika chumba cha nyuma chenye harufu ya viatu na mikeka,
Maalim Idarusi hufungua kitabu kisicho na jalada
akatusomea wasimulizi waliokufa miaka mia saba iliyopita
na bado wanabishana.

Imesemwa, kisima kilikuwa na maji.
Imesemwa, hakikuwa nayo, kilikuwa na nyoka.
Imesemwa, Yusufu aliuzwa kwa dirhamu ishirini,
na wengine wamesema ishirini na mbili,
na aliyesema ishirini na mbili amemtaja aliyemwambia,
na aliyemwambia huyo,
hadi karatasi inapokatika, mahali panya alipotia neno lake.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Gikomba.
Mimi huja kwa ajili ya kanzu.

Usiku ule tukaifikia.
Damu ya mwana-mbuzi, na Yakubu anaigeuzageuza mikononi,
anaisoma kabla mfasiri yeyote hajazaliwa:
Alivyo mpole mbwa mwitu huyu!
Kamla mwanangu, hakukwaruza hata pindo.

Tukacheka. Mzee Sururu akauliza jina la mbwa mwitu.
Maalim akasema yuko msimulizi mmoja aliyelitaja,
mpaka akaambiwa, ewe, Yusufu hakuliwa,
naye hakushindwa:
basi hilo ni jina la yule ambaye hakumla.
Tukacheka tena.
Bi Zaituni Muthoni hakucheka.

Aliinuka kule wanawake wakaako,
akapita katikati ya magoti yetu,
akaweka mezani mfuko wa kaki.
Ndani, koti la Twalibu,
mwezi wa tano tangu atoke kununua vocha ya simu.
Aliyelileta alikuwa na kalamu mfukoni, na haraka.
Alisema: majambazi, visu, mto,
mwili haukupatikana, weka sahihi hapa.

"Wewe fundi," akaniambia, "soma."

Mimi na irabu za Kiarabu wapi na wapi.
Lakini nililitandaza chini ya taa,
nikapitisha kidole mshono kwa mshono,
bega, kwapa, ubavu,
kama Maalim apitavyo mstari, bila pupa.
Damu ilikuwepo, imekauka rangi ya kutu.
Nikalipindua. Bitana safi.
Kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe mwaka jana
kwa uzi wa buluu, mweusi ulikuwa umeniishia.
Bado kipo.

Nikasema: hakuna tundu.
Sikusikia hata mtu akimeza mate.

Maalim akafunga kitabu kwa maneno
ambayo watu wa kale walifungia kila hitilafu wasiyoiweza:
na Mungu ndiye ajuaye zaidi.
"Anajua," akasema Bi Zaituni, "sikatai.
Nauliza nani mwingine anajua."

Wapo waliosimulia kwamba mbwa mwitu aliletwa mbele ya Yakubu,
mdomo umepakwa damu,
akapewa ulimi, akaapa kwamba nyama ya manabii ni haramu kwao,
akasema yeye ni mgeni tu,
ametoka mbali kumtafuta ndugu yake aliyepotea.
Habari hiyo Maalim huiita dhaifu, mlolongo wake una pengo.
Zamani nilikubali.
Siku hizi nikikata kitambaa humfikiria yule mnyama,
amesimama, kamba shingoni,
wa kwake hajampata, anaulizwa wa mwenzake.

Nimenunua daftari.
Nimeandika kwa mwandiko ule ule wa bili za wateja:
Amenisimulia Zaituni binti Kamau,
kutoka kwa koti,
kutoka kwa mwanawe Twalibu,
kwamba hakuliwa.
Chini nimeacha nafasi.
Jumanne ijayo ataileta ile barua ya kituoni,
nasi tutaanza na tarehe.