Nyuzi Ishirini na Sita

Wa kwanza nilimuua mimi.
Sisemi alikufa; kufa ni kazi ya mwenyewe.
Nilimweka kwenye chombo cha maua, dirishani,
apate kuona theluji ya Bytom ikianguka,
nami nikajiona mkarimu.
Siku ya nne nilimkuta chini, amelalia ubavu,
rangi imemtoka kama kitambaa cha bei rahisi.

Kalina, mjukuu wangu, yuko Bergen kwa mama yake.
Aliniachia samaki na maneno mawili: "Mtunze, Babu."
Nani aliwahi kunifundisha kutunza
kitu kisichobweka, kisicholia njaa,
kisichogonga bakuli?

Nikavaa koti, nikaenda dukani kwa Cieślak,
nikanunua mwingine, mwekundu vilevile,
nikamrithisha jina la marehemu: Burak,
yaani bitiruti, kwa lugha yetu.
Jioni mtoto akapiga simu ya video.
Akatazama. Akatazama tena.
"Babu, Burak wangu alikuwa na doa jeupe mkiani."
Nikakohoa, safari hii kwa makusudi.
Hakulia. Alisema tu, polepole,
kama mkubwa anayemwelekeza mdogo:
"Huyu mpe joto."

Basi nikaanza shule upya.
Lita ishirini, si bilauri.
Maji ya bomba yatiwe dawa kwanza,
klorini isimchome matamvua.
Robo hubadilishwa Jumamosi, isiwe yote.
Chembe mbili asubuhi, mbili jioni,
hata akikukodolea macho ya ombaomba;
tumbo lake halizidi jicho lake.
Na nyuzi ishirini na sita, usiku na mchana,
maana wazee wake ni wa mashamba ya mpunga, Tailandi,
hawakuachiwa neno lolote kuhusu Januari.

Miaka ishirini na saba nilishuka shimoni
kuchimba joto la watu wengine.
Malipo yangu: pensheni, na mapafu haya
yanayopiga mluzi nikipanda ngazi.
Naye, nikamwona, hupanda.
Kila baada ya muda huacha majani yake,
huenda juu, hubusu ngozi ya maji,
humeza hewa, hushuka.
Samaki, na anavuta pumzi!
Nikamwambia, bwana we,
kumbe nawe ni wa shimoni.

Juzi barafu ikakata nyaya za umeme.
Hita ikafumba kijicho chake chekundu.
Saa mbili usiku, ishirini na tano.
Saa nne, ishirini na nne.
Nikawasha jiko la makaa la mama,
lile ambalo halmashauri imeniandikia barua mbili nilibomoe,
nikachemsha maji, nikajaza chupa za plastiki,
nikazielezesha tangini, moja ikipoa nyingine inaingia.
Blanketi zikaisha.
Nikatoa koti langu la gwaride la wachimbaji,
lenye vifungo vya shaba,
nikalivisha tangi,
nikaacha upenyo juu kwa ajili ya pumzi zake.

Bi Halszka wa mlango wa pili alikuja kuomba mshumaa,
akanikuta nimepiga magoti mbele ya koti langu mwenyewe.
Hakuuliza kitu.
Alirudi na chupa ya chai, imejaa maji moto.

Ishirini na tatu.
Hapo ikagoma, kama mdai mlangoni,
haiingii, haiondoki.
Nikasukumia makaa jikoni.
Huenda niliyachimba mimi, nani ajuaye,
yakazunguka nchi nzima kabla ya kunirudia.

Saa kumi na moja alfajiri taa zikarudi.
Nikafungua vifungo, kimoja kimoja.
Alikuwa konani, mapezi ameyakunja, mnyonge.
Kisha akaniona.
Akatunisha mashavu, akatandaza mkia wote,
akanijia kiooni kifua mbele,
mimi na mvi zangu,
kama anayedai kujua ni nani aliyezima taa.

Sijamwambia Kalina.
Nitamwambia Jumamosi, nikiwa na ndoo mkononi,
nikibadilisha maji.
Robo. Isiwe yote.