Shahidi wa Pumzi

Mangusho alifika saa moja asubuhi,
pikapu inajikokota kama mbwa aliyepigwa,
akasema: Fundi, nimeshamaliza kila kitu.
Nozeli nne, mpya. Pampu ilifunguliwa Mbale, ikafungwa.
Wakaniambia ni tabo; nikauza ng'ombe, nikanunua tabo.
Na bado, nikibeba mifuko thelathini ya saruji,
pale barabara inapoanza kukwea kuelekea Sipi
watoto wa shule wananipita kwa miguu.
Wananipungia.

Nikauliza: Inatoa moshi?
Hapana.
Mweusi? Mweupe?
Fundi, haitoi moshi. Inatoa aibu tu.

Hapo nikaweka spana chini.
Nozeli ikivuja husema kwa moshi;
injini iliyoshiba vibaya hucheua.
Hii haikucheua. Hii ilikuwa inanyimwa chakula
na mpishi mwenye ufunguo wa ghala,
aliyeambiwa: leo wageni ni wachache, pika kidogo.

Nani alimwambia?

Kati ya chujio na tabo kuna bomba jeusi,
na ndani ya bomba kuna waya
nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Hutiwa moto, hupozwa na hewa inayopita,
na kwa kadiri inavyopoa
kompyuta hujua injini imevuta pumzi kiasi gani.
Sensa ya hewa. Kazi yake ni hiyo moja:
kusimama mlangoni na kuhesabu upepo.

Nikaunganisha simu chini ya usukani.
Kanyaga, Mangusho. Kanyaga mpaka elfu tatu.
Injini ikanguruma, kioo kikaandika thelathini na moja.
Ilipaswa kupita themanini.
Kanyaga tena.
Thelathini na moja.
Haikujisumbua hata kubadilisha uongo.

Nikazima. Nikachomoa plagi, nikaiacha inaning'inia.
Nenda, nikasema. Zunguka Mwamba wa Tororo, urudi.

Alirudi anacheka peke yake.
Umeweka nini?
Sijaweka. Nimemnyamazisha mtu.
Kompyuta isipoambiwa kitu hukisia,
na kipofu anayepapasa atafika,
aliyeshikwa mkono na mwongo ataishia shimoni.

Tulipofungua, chujio halikuwepo.
Fundi wa Mbale alilitoa, ili ipumue vizuri.
Na juu ya waya, ganda la kijivu,
vumbi la mifuko yake mwenyewe
lililokutana na unyevu, likafanya kazi yake: likaganda.

Vumbi hilo nalijua.
Hulala juu ya mabati yetu, juu ya sare zilizoanikwa.
Lilimlisha baba yangu miaka ishirini na sita,
anafunga mifuko, kitambaa puani siku akikikumbuka.
Juzi zahanati walimpa mrija, wakamwambia apulize.
Kishale kikapanda kidogo, kikakaa.
Baba akasema: Mashine yenu mbovu.
Akapuliza tena. Kikakaa palepale.
Mbovu kabisa, akasema, akavaa kofia.

Mashine yao ilikuwa nzima.
Mimi, ninayemjua mwongo kwa kumchomoa plagi,
nilishika mkoba wake, nikamfuata nje.

Waya niliipulizia dawa, bila kuigusa.
Ilipanda hadi arobaini, ikachoka.
Nikapiga simu Kampala; mpya itakuja na basi la usiku.
Si ile ya bei poa, nilimwambia,
ile huzaliwa inadanganya.

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi, akasema Mangusho.
Iache.
Inatisha.
Iache iwake. Hiyo ndiyo pekee humo ndani
isiyokuficha kitu.

Akauliza ni shilingi ngapi, kuchomoa plagi.
Nikamwambia: ng'ombe mmoja.
Akacheka.
Kisha akaitazama ile tabo mpya, inavyong'aa,
hakucheka tena.