Msumari wa Sebuleni

Mama alikivika kisanduku kitambaa,
kile cheupe cha kufuma, chenye pindo la njano,
kama alivyoivika redio, na kabla ya redio, cherehani.
Akakifungia kabatini, kati ya birika la wageni
na sahani ambazo hajafika mgeni wa kuzistahili.
"Kitu kinacholipiwa kila mwezi," akasema,
"hakiachwi uchi."

Tukakaa hivyo, nyumba yetu ya Amalemba,
taa tatu za kijani zikipepesa nyuma ya uzi
kama macho ya paka guniani.
Jikoni, kijiti kimoja cha mtandao.
Chumbani kwangu, patupu,
nami kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu wa mbali
na kuziandika, neno kwa neno, malipo kwa dakika.
Dakika inakatika.
Shahidi wa kesi nisiyoijua
analala kinywa wazi hadi asubuhi.

Dorika akipiga kutoka Doha
uso unaganda, nusu kicheko, nusu chafya.
"Umekonda?" Mama anauliza kioo cha simu.
Jibu linafika limechelewa,
linamkuta keshauliza la tatu.

Nikaanza kupima. Nikazunguka, simu mkononi,
kama mganga anayetafuta kilichozikwa uani.
Nyuma ya friji, mawimbi yanakufa.
Kando ya tangi la maji, yanazama.
Kioo kikubwa cha Mama kinayarudisha yalikotoka.
Na jirani Wangatia ana chake pia:
kumbe miezi yote tumesukumana njia moja hewani,
sisi tusiosukumana hata langoni.
Nikahamia njia nyingine. Afadhali. Si sana.

Mahali pamoja tu palikubali,
katikati ya nyumba, juu, vijiti vinne vimejaa:
kwenye msumari wa picha ya Baba.

Sikusema. Ningeanzia wapi?

Jumapili Dorika akaganda tena,
safari hii machozi yakiwa njiani,
ya furaha au ya nini, hatukujua.
Mama akavua ndara, akapanda stuli.
Akamshusha mumewe kwa mikono miwili,
akampangusa vumbi kwa kitambaa kilekile cheupe.
"Shitakwa," akamwambia,
"miaka ishirini na sita umekwea nguzo za simu,
umevuta nyaya mpaka Mumias na mvua ikikunyeshea
ili watu wasikizane.
Sogea kidogo."

Sasa Baba yuko ukuta wa pili, anakitazama.
Kisanduku ki uchi juu ya kijirafu,
ingawa kitambaa, nimeona, kimekunjwa karibu, tayari tayari.
Chumbani kwangu bado kijiti kimoja hakijai.

Jana saa tisa, mvua ya Kakamega ikashika mabati.
Mama akapaza sauti, nami nikapaza,
na Dorika, uso mzima, macho yanapepesa kama ya watu,
akainua kidole:
"Nyamazeni kwanza.
Nataka kuisikia."